Kinyago Kisichoficha Uso

Tangu wanadamu walipoanza kumwiga mnyama kwa ngozi yake na radi kwa ngoma, kila igizo limesimama juu ya mapatano baina ya achezaye na atazamaye: wa kwanza hujifanya kuwa kitu asicho, na wa pili hukubali kusadiki kwa kitambo jambo ambalo akili yake inajua kuwa halipo. Mapatano hayo hayaandikwi wala hayatamkwi, walakini bila ya hayo hapana ngoma ya vinyago, hapana mchezo wa kuigiza, wala hapana filamu iwezayo kumtoa mtu machozi. Swali ambalo wasanii wa mataifa mbalimbali wamelijibu kila mmoja kwa njia yake ni hili: ili moyo wa mtazamaji uguswe, je, yapasa mkono wa mtengenezaji ufichwe, au yafaa uachwe wazi? Jawabu lililonikinaisha kuliko mengine yote nililiona London, katika ukumbi wa Lyceum, nilipotazama tamthilia ya muziki iliyotokana na filamu ya katuni ya The Lion King.

Filamu yenyewe haihitaji utangulizi mrefu. Ilitolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994, chini ya waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff, na kisa chake, ambacho kina udugu na Hamlet ya Shakespeare, ni cha mwana wa mfalme ambaye ami yake anamwua baba mtu, kisha anamtwika mtoto lawama ya mauaji yale na kumkimbiza ugenini, mpaka siku ile utu uzima na dhamiri vinapomrudisha kwao kudai haki yake na ya raia wake. Kabla ya kuanza kazi, baadhi ya watengenezaji wake walifika Kenya kuyatazama majabali na nyika kwa macho yao, na majina ya Simba na Rafiki wakayachukua kama yalivyo. Nyimbo zilitungwa na Elton John pamoja na Tim Rice, na muziki wa kuandamana na picha ulitungwa na Hans Zimmer. Sifa zao zimekwisha enea, nami sina haja ya kuzirudia.

Lililo muhimu kwa tafakari hii ni namna filamu ile inavyofanya kazi juu ya jicho. Katuni hupata uhai kwa kupitisha picha 24 katika kila sekunde, kila picha ikihitilafiana kidogo tu na iliyoitangulia, hata jicho likashindwa kuzitenganisha, likaona mwendo mahali penye michoro mitupu. Mkurupuko wa nyumbu bondeni, ambao hudumu kwa dakika 2 na nusu hivi, uliwashughulisha mafundi wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 2. Na jitihada zote hizo, mistari iliyofutwa na kuchorwa upya, rangi zilizopimwa, macho yaliyochoka, zilifanywa kwa makusudi ya kutoonekana. Ustadi wa mchoraji wa katuni hutimia pale anapotoweka kabisa nyuma ya kazi yake, mtazamaji akabaki na simba tu, asikumbuke kwamba palikuwa na penseli. Sanaa ya namna hiyo siidharau hata kidogo; ni sanaa ya unyenyekevu, na imeipa dunia furaha nyingi. Walakini haiwezi kuhamishiwa jukwaani kama ilivyo, kwa sababu jukwaani kuna watu, na mtu hawezi kufutwa.

Ndiyo maana shauri la kuigeuza filamu ile kuwa tamthilia lilikuwa zito. Disney walikuwa wamekwisha kuipeleka Beauty and the Beast Broadway mwaka 1994, kwa njia ya kuifuata filamu karibu hatua kwa hatua. Lakini kisa kile kina wanadamu ndani yake, ilhali katika The Lion King hamna hata mtu mmoja. Kumvika mwigizaji manyoya na kumfunika kichwa kwa kichwa cha simba kungetoa sanamu ya kuwachekesha watoto, si mfalme wa kuliliwa. Thomas Schumacher, miongoni mwa viongozi wa kampuni hiyo katika mambo ya tamthilia, akamwendea Julie Taymor, ambaye maarifa yake hayakutoka katika biashara ya katuni. Katika ujana wake alikwenda Paris kusoma uigizaji wa ishara kwa Jacques Lecoq. Baadaye akakaa Indonesia miaka kadhaa, akaunda kundi lake la maigizo huko, katika nchi ambayo vikaragosi vya ngozi hutupa vivuli vyao juu ya kitambaa usiku kucha. Na alikuwa amejifunza pia kutokana na Bunraku ya Wajapani, ambamo watu watatu huendesha kikaragosi kimoja mbele ya hadhira, na kiongozi wao aghalabu huuacha uso wake wazi.

Uamuzi alioufanya Taymor, akishirikiana na fundi wa vikaragosi Michael Curry, waweza kuelezwa kwa maneno machache ingawa matokeo yake ni mapana: hakumficha mtu ili mnyama aonekane. Aliwaweka wote wawili mbele yetu kwa pamoja, akatuachia sisi kazi ya kuwaunganisha. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Minneapolis mwezi wa Julai 1997, ikafunguliwa New York mwezi wa Novemba mwaka huo huo katika ukumbi wa New Amsterdam, na mwaka uliofuata ikapata tuzo 6 za Tony, ikiwamo ya uongozaji, ambayo kabla ya Taymor hakuna mwanamke aliyewahi kupewa kwa tamthilia ya muziki. London iliipokea mwaka 1999, na Lyceum ndiyo maskani yake tangu hapo.

Nilikwenda kuitazama pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye riziki yake tangu usichana ni cherehani, na ambaye haipiti nguo yoyote bila ya kuipima kwa vidole. Tuliketi karibu na njia ya katikati, na hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa baada ya mwito wa kwanza, sauti ya Kizulu iliyopanda kutoka jukwaani na kujibiwa na nyingine kutoka pande za ukumbi, wanyama hawakutokea nyuma ya pazia peke yake bali walipita kati yetu. Jua lilichomoza nyuma ya jukwaa: vipande vya hariri vilivyofungwa katika mbavu nyembamba, vikitikiswa na hewa kiasi cha kuleta mtetemo ule ule uonekanao nyikani wakati wa joto kali. Twiga wawili wakavuka, na kila twiga alikuwa mtu mmoja aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, shingo ndefu ikiinuka kutoka utosini mwake na uso wake wa kibinadamu ukiwa wazi chini yake. Duma alikuwa kikaragosi kilichounganishwa na mwili wa mchezaji, kichwa chake kikiwa kimefungwa kwa uzi kwenye kichwa cha mwanamke yule, hata akigeuka yeye, hugeuka na duma. Swala waliruka wakiwa wamepachikwa katika magurudumu ya chombo kilichosukumwa na mtu mmoja. Na ndovu, aliyebebwa na watu waliokuwa ndani ya miguu yake, akapita kando ya viti vyetu karibu kiasi cha kuonekana mshono.

Dada akaniinamia sikioni, akasema, “Ndugu yangu, hawa hawakuficha kitu.” Hakusema kwa kulaumu. Alisema kwa sauti ambayo fundi humsifia fundi mwenziwe.

Maneno yale yaliniongoza katika yote yaliyofuata, nikaanza kumtazama Mufasa, yule mfalme baba wa Simba, kwa jicho hilo. Kinyago chake hakimfuniki uso. Kimekaa juu ya kipaji chake, chepesi kwa kuwa kimefanywa kwa nyuzi za kaboni ingawa machoni kina uzito wa mbao, na chini yake uso wa mwigizaji umepakwa rangi, ukaachwa uone na uonekane. Cha Scar, yule ami mwuaji, kimetundikwa katika mtambo mdogo ambao mwigizaji huuongoza mwenyewe, hata inapompanda hasira kinyago huteremka na kumtangulia mbele, na inapomshuka hurudi juu. Hivyo twaona ukatili ukimtoka mtu na kumrudia. Na iko saa moja ambayo filamu haikuweza kuwa nayo. Baada ya Simba mdogo kukaidi amri na kuponea chupuchupu mbele ya fisi, baba yake anamwita kumkemea. Kisha anakivua kinyago, anakishika mkononi, na kuzungumza na mwanawe akiwa mtu tu. Ufalme umewekwa kando, umebaki ubaba. Hakuna mchoraji awezaye kulichora jambo hilo, kwa sababu simba wa katuni hana uso mwingine chini ya uso wake.

Ule mkurupuko wa nyumbu uliowachosha mafundi wa kompyuta, jukwaani umefanywa kwa vitu ambavyo seremala wa mtaani angevitambua mara moja. Mbali nyuma kuna magogo yanayozungushwa, yaliyojaa nyumbu wadogo, ili kundi lionekane likiteremka mlimani. Mbele yake nyumbu wakubwa zaidi. Kisha, karibu nasi kabisa, wachezaji wenye vinyago vikubwa wakipiga miguu kwa mwendo wa ngoma. Umbali umetengenezwa kwa tofauti ya ukubwa, basi. Ukame nao ni kitambaa cha duara kilichotandazwa sakafuni kuwa dimbwi la maji, kinachovutwa taratibu katika tundu la katikati mpaka maji yakaisha. Na wakati wa kumwomboleza mfalme, simba jike wanainua mikono hadi machoni na kuvuta tepe ndefu nyeupe, na hayo ndiyo machozi yao. Dada yangu aliijua tepe ile kuwa ni tepe. Pengine alijua hata bei ya yadi yake. Nilipomgeukia, alikuwa akilia.

Hapa ndipo penye jambo la kutafakari. Ikiwa kila kitu kilikuwa dhahiri, machozi yale yalitoka wapi? Naamini yalitoka katika kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Filamu hutuletea chozi lililokwisha kuchorwa, likashuka shavuni kwa mwendo uliopangwa na mtu mwingine. Jukwaa hili hutuletea tepe, na kumwachia mtazamaji aijaze nafasi iliyopo baina ya tepe na huzuni kwa mali yake mwenyewe, yaani kwa misiba aliyoizika, kwa wazazi aliowaaga, na kwa mengine yaliyomo kifuani mwake ambayo hakuna msanii anayeyajua. Kilichojazwa kwa mali ya moyo hakiwezi kuwa cha bandia. Ndiyo sababu nasema kwamba kuuacha mkono wazi si upungufu wa sanaa bali ni heshima kwa hadhira: msanii humwonyesha mtazamaji kwamba anamwamini, kwamba anajua kuwa kule gizani anaye mshirika mwenye akili na moyo, wala hana haja ya kumhadaa ili ampate.

Kwetu Afrika ya Mashariki liko jawabu jingine, nalo ni la kale na lina heshima yake. Wamakonde wa uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, na wa kusini mwa Tanzania, huchonga kutoka katika mti mwepesi vinyago viitwavyo mapiko, ambavyo mchezaji huvivaa kichwa kizima na kutazama kupitia tundu la mdomo, hali mwili wake umefunikwa kwa nguo hata pasionekane ngozi. Kanuni yake ya asili ni siri: asiyepita jandoni hapaswi kujua kwamba ndani mna mtu, sembuse kumjua ni nani. Kwa zahiri yake, mapiko na kinyago cha Mufasa vinapingana kabisa, kwani kimoja huhifadhi kile ambacho kingine hutangaza. Lakini tukiitazama batini yake, siri ya Wamakonde haikuwekwa kwa kumdharau mchezaji. Kijana anayefunuliwa siri ile hupewa pamoja nayo daraja la utu uzima na amana ya kuilinda, na waliopita jandoni wanamjua aliye ndani na kuupima ufundi wake. Kwa hiyo mizani ya haki katika sanaa haimo katika kuficha au kutoficha peke yake, bali imo katika kuuliza kama aliyefichwa ameridhia, na kama stahiki yake inamfikia.

Kwa mizani hiyo, upo mkono mmoja katika kisa hiki ambao ulifichwa bila ya ridhaa. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu aliyeitwa Solomon Linda pamoja na kundi lake la Evening Birds alirekodi wimbo wake uitwao Mbube, na haki za wimbo huo zikamtoka kwa malipo ya shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno na waimbaji wa Marekani, ukawa miongoni mwa nyimbo zilizosikika mno katika karne ile, na kipande chake kikaingia katika The Lion King, kikaimbwa kwa mzaha na Timon na Pumbaa, wanyama wachekeshaji wa filamu ile. Ilhali mtungaji alifariki mwaka 1962 katika ufukara, akaacha binti ambao ufukara ule ulikuwa urithi wao. Ilibidi kesi ifunguliwe Afrika Kusini, nayo ikaisha kwa suluhu mwaka 2006, ndipo warithi wake wakatambuliwa na kupewa fungu katika mapato. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, wala sioni kwamba kulitaja ni kuitia doa furaha ya tamthilia. Mtu aliyefurahishwa na kazi ya mikono ya watu hana budi kuwa na uchungu kwa ajili ya mkono ulionyimwa chake.

Haki hiyo hiyo yataka tuseme kwamba tamthilia imetenda mema ambayo filamu haikuyatenda. Lebo M, aliyeondoka Afrika Kusini akiwa kijana katika zama za utawala wa ubaguzi, ndiye aliyeutoa mwito ule wa mwanzo katika filamu. Jukwaani kazi yake ikapanuka, kwaya ikawa nguzo ya kisa kizima, na Kizulu, Kixhosa, Kisotho na lugha nyingine za Kiafrika zikaimbwa bila ya kufasiriwa. Waimbaji wa Afrika Kusini wamekuwamo katika tamthilia hii tangu mwanzo wake. Rafiki, ambaye katika filamu ni mzee wa kiume, amekuwa mwanamke mganga, na Taymor alifanya hivyo kwa kuona kwamba kisa kilipungukiwa na mwanamke mwenye uzito. Garth Fagan, mzaliwa wa Kingston huko Jamaika, ndiye aliyepanga mwendo wa wachezaji. Hata wapigaji ngoma hawakuzikwa wote shimoni mwa ukumbi. Wengine wameketi juu katika pande mbili za jukwaa, nasi tuliwaona wakivuja jasho.

Sisemi kwamba kila sehemu ya kazi hii imefikia kimo hicho. Timon, yule mnyama mdogo mcheshi wa jamii ya nguchiro, ni kikaragosi kilichofuata mchoro wa filamu, akisukumwa na mwigizaji aliyevaa kijani nyuma yake, na kila alipotokea niliona ubunifu umepumzika na ukumbusho wa filamu umeshika usukani. Watu walicheka, walakini kicheko chao walikuja nacho kutoka nyumbani. Tena biashara haikosekani: watu zaidi ya milioni 100 wameitazama tamthilia hii duniani, na tiketi ya London si ya kila mfuko. Mchungaji wa nyika zile zilizochorwa hana njia ya kukikalia kiti kile. Hayo ni kweli, na yapasa kusemwa. Lakini ubora wa wazo haupunguzwi na ukubwa wa mfuko uliolilipia.

Na wazo lenyewe halihitaji mfuko mkubwa. Ukiondoa mitambo ya sakafu na taa, kinachobaki ni kitambaa, fito, kamba, gurudumu, na mwili wa mtu aliyefanya mazoezi kwa bidii. Vitu hivyo tunavyo. Wasanii wetu wa Bagamoyo, Zanzibar, Nairobi na Kampala, ambao mara nyingi husikitika kwamba hawana zana za kushindana na filamu za ng'ambo, wana somo la kujifunza hapa: jukwaa halimshindi mchoraji kwa kumwiga, humshinda kwa kile ambacho mchoraji hanacho, nacho ni mtu aliye hai, anayepumua na kuchoka mbele ya watu wengine. Hadithi zetu zimejaa sungura, fisi, nyoka na ndege wasemao, na hakuna haja ya kuwangojea watu wa kompyuta ndipo ziinuke. Zamhitaji mchongaji mwaminifu, mshonaji hodari, na mwongozaji mwenye kuiamini akili ya hadhira yake.

Somo la pili ni zito zaidi, nalo lawahusu wenye kumbi na wenye fedha. Aliyechonga kinyago, aliyeshona vazi, aliyetunga mwito, aliyefundisha miguu kupiga sakafu, wote hao waandikwe, waitwe mbele, na walipwe wangali hai, pasingojewe kesi ya watoto wao. Sanaa humtaka mtazamaji asadiki, na kwa hiyo huwa na deni la kumjulisha ni nani aliyemwezesha kusadiki. Deni hilo hulipwa kwa jina na kwa fedha, makofi peke yake hayalitoshi.